Wamekataa Kitabu, Karatasi Iko Wapi?

Mlinzi wa mlango wa gereza alichokoa bukari, yaani ugali, kwa kijiti, akafunua sufuria ya mboga ya lengalenga, akaridhika. Kisha akakuta kitabu cha jiografia chini ya kikapu. Akakipekua hadi katikati.

"Mama, hiki hapana. Kina ramani."

Ilikuwa ramani ya Afrika nzima. Mtoto wa dada yangu alikuwa humo ndani akingoja kesi huku akijiandaa kwa Exetat, mtihani wa taifa wa kumaliza sekondari hapa Kongo, na kitabu alikiomba mwenyewe. Nikauliza nani amekataza. "Ni amri." Iko wapi? Akamwita aliyekuwa nyuma yangu kwenye mstari. Nikarudi nyumbani Katuba, Lubumbashi, na kitabu changu.

Avoka, yaani wakili, niliyemwendea aliniuliza neno moja tu: "Wamekuandikia?" Hawakuandika. Basi tungempelekea hakimu nini? Uamuzi usio na tarehe, sahihi wala sababu haushikiki. Neno la mlangoni humalizika mlangoni.

Ndiyo maana nasema: gereza likikataa kitabu, liandike. Sidai kila kitabu kiingie. Kinachofundisha kutengeneza silaha kibaki nje, sina ugomvi.

Kwingine watu walishadai hivyo mbele ya majaji. Mwaka 1974, katika kesi ya Procunier dhidi ya Martinez, Mahakama Kuu ya Marekani ilikubali kwamba mfungwa aarifiwe barua yake inapozuiwa, mwandishi wake aweze kupinga, na lalamiko lisikilizwe na afisa mwingine, si yule aliyeizuia. Kesi ya Thornburgh dhidi ya Abbott, mwaka 1989, iliwaachia wakuu wa magereza nafasi kubwa mno ya kuzuia vitabu kwa jina la usalama, na hilo linanisikitisha. Hata hivyo, kanuni za magereza ambazo mahakama ilizikubali katika kesi hiyo zinamtaka mkuu wa gereza apime kila chapisho kivyake, asiweke orodha ya marufuku, na atoe sababu kwa maandishi. Uingereza, mfungwa mwanamke alishtaki zuio la kutumiwa vitabu kutoka nje, akashinda Desemba 2014. Afrika Kusini imeandika ndani ya Katiba yake kwamba mfungwa apewe vya kusoma kwa gharama ya serikali, sambamba na chakula na dawa. Sambamba na chakula! Sisi hata chakula tunabeba kichwani.

Lakini hatuko mikono mitupu. Kifungu cha 18 cha Katiba yetu ya Kongo ya 2006 kinataka mfungwa atendewe kwa namna inayolinda uhai wake, afya yake ya mwili na ya akili, na heshima yake. Kijana anayekaa kutwa bila ukurasa mmoja wa kusoma, akili yake inalindwa na nini?

Jumapili narudi. Nitabeba bukari, kitabu kilekile, na barua kwa mkurugenzi, nakala mbili. Moja abaki nayo. Nyingine waigonge muhuri wa kupokea, nimpelekee avoka.