Sukari ya Mungu

Mama mdogo wangu ana kisukari, mwaka wa tisa huu. Soda kaacha, chai anakunywa ya rangi bila sukari. Lakini Ramadhani iliyopita nilimhesabia kokwa saba za tende pembeni ya sahani kabla hata uji haujafika. Kuona namtazama, akacheka: "Mwanangu, hii sukari ya Mungu, haina neno."

Saa mbili baadaye mashine ya kupimia sukari ikasoma 14.6, juu mno. Haya, kaimati zilikuwapo, na muhogo wa nazi pia, kwa hiyo sitaitwisha tende mzigo wote. Ila maneno yale ndiyo yanayonikera.

Mimi mwenyewe mpenzi wa tende. Asubuhi mbili na kahawa chungu, na tangu nizoee hivyo choo hakinisumbui. Nyuzinyuzi zake zinafanya kazi kweli, mradi unakunywa maji. Ninachokataa ni kuipa tende cheo cha dawa.

Chukua Medjool, ile tende nene. Moja ina uzito wa gramu kama 24, na humo 16 ni sukari. Ukila tatu umefika karibu gramu 48. Soda ya nusu lita ina kama 53. Tofauti ipo: nyuzinyuzi huichelewesha sukari ya tende kuingia kwenye damu, na tende ina potasiamu, soda haina. Lakini kuchelewa si kutofika. Zile ndogo, kama Deglet Noor za Tunisia, moja ni gramu 7 hivi, kwa hiyo saba zako na saba za jirani si hesabu moja.

Halafu hili la kuongeza damu. Mjamzito akiambiwa kliniki damu imepungua, watu wanamletea tende pakti kwa pakti. Gramu 100, yaani Medjool nne, zina madini ya chuma miligramu 1 hivi. Mjamzito anahitaji kama 27 kwa siku! Mpeni dagaa, maharage na chungwa juu yake, na vidonge vya kliniki asiviache.

Kwenye uchungu wa kuzaa naona kuna jambo. Utafiti wa Jordan wa 2011 ulikuta waliokula tende sita kila siku wiki nne za mwisho walifika hospitali njia imefunguka zaidi kuliko wasiokula. Walikuwa wanawake 114 tu, kwa hiyo mkunga bado anahitajika.

Mwenye maradhi ya figo asizile kabla ya kumuuliza daktari. Potasiamu hiyohiyo ninayoisifu inaweza kumdhuru.

Mama mdogo tumekubaliana mwaka huu: tende ndogo tatu, witri yake (idadi isiyo shufwa) ameipata, na korosho kidogo. Kokwa zibaki sahanini nizione. Juzi zilikuwa tatu, sawasawa kabisa. Ya nne niliikuta chini ya mkeka nikifagia.