Kazi za mazingira: kijana wa Kigoma abaki au apande treni?

Kila msimu wa mahafali ukipita, swali hili hurudi Kigoma. Kijana amesomea misitu Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro, au usimamizi wa mazingira Dodoma, au uvuvi hapa hapa ufukweni Kibirizi kwenye kampasi ya FETA, wakala wa serikali wa mafunzo ya uvuvi. Amerudi nyumbani na cheti. Wazee wanakaa naye, na hukumu huwa ile ile: hapa mwisho wa reli hakuna kitu, kazi za mazingira ni za kujuana, na wa kujuana nao wako Dar, Dodoma na Arusha. Nauli inachangwa, kijana anaondoka. Anayekataa kuondoka huonekana mvivu, au mwoga, au mtoto wa mama asiyetaka kukua.

Huyu anayekataa ndiye ninayetaka asikilizwe, maana kesi yake haijawahi kusikilizwa vizuri.

Wanaomhimiza aondoke wana hoja. TANAPA, shirika la hifadhi za taifa, makao yake makuu yako Arusha, TAWA, mamlaka ya wanyamapori, wako Morogoro, wizara zote ziko Dodoma, na mashirika mengi ya kiraia yana ofisi zao kubwa Dar. Usaili mwingi wa Sekretarieti ya Ajira, inayoajiri watumishi wa umma, kwa miaka mingi ulifanyika Dodoma. Unapofanyika huko, anayetoka Kigoma analipa nauli ya kwenda na kurudi, chumba na chakula kwa ajili ya mtihani wa saa chache, wakati mwenzake anayekaa kwa shemeji Dodoma anakwenda kwa bodaboda. Makongamano na semina ambako watu hupeana namba za simu nazo hufanyika huko.

Kuna na hoja nzito kuliko hizo. Kazi nyingi za hifadhi mkoani kwetu zinaendeshwa kwa fedha za wafadhili, na fedha hizo hukatika. Januari 2025 Serikali ya Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje, watu waliokuwa na mikataba halali walijikuta wako nyumbani ndani ya siku chache, duniani kote. Kijana aliyeegemeza maisha yake yote kwenye mradi mmoja wa Kigoma hana pa kukimbilia, ila aliye Dar anaweza kuvuka barabara akajaribu kwingine. Hoja hii sina njia ya kuipuuza.

Tatizo ni kwamba ushauri wa kuondoka unachukulia kuwa watu wa kufahamiana nao ni wale tu wenye kalamu ya kusaini mkataba. Wanaoleta habari ya kazi, na wanaolitaja jina lako pale mkubwa anapouliza "nani anaweza kufanya hii?", mara nyingi ni watu wengine kabisa.

Mwaka 1973 mwanasosholojia wa Marekani, Mark Granovetter, alichapisha makala kuhusu watu waliobadili kazi katika kitongoji kimoja cha Boston. Walikuwa wataalamu, mafundi na mameneja. Kati yao wapo 54 waliopata kazi kupitia mtu, na hao waliulizwa: huyo aliyekupa habari, wakati ule mlikuwa mnaonana mara ngapi? Asilimia 16.7 walisema mara kwa mara, yaani angalau mara 2 kwa wiki. Asilimia 55.6 walisema mara moja moja. Asilimia 27.8 walisema kwa nadra, mara moja kwa mwaka au chini ya hapo.

Hizo asilimia nimezigeuza kila upande. Ni watu 9 tu kati ya 54 waliofikishiwa habari na mtu wa karibu. Wengine 45 waliipata kwa mtu wanayemfahamu kwa mbali. Kundi ni dogo, nakubali. Ni la nusu karne iliyopita, na Boston si Buhigwe. Lakini sababu aliyoitoa Granovetter inaeleweka popote: rafiki yako wa karibu anajua kile unachokijua wewe, kwa sababu mnakaa kijiwe kimoja na kusoma matangazo yale yale. Mtu wa mbali anatembea kwenye njia usiyopita, kwa hiyo ana habari usiyokuwa nayo.

Sasa mtazame kijana wetu aliyefika Dar. Amefikia kwa mjomba wake. Marafiki zake ni wale wale aliosoma nao, na wote wanatafuta kazi ile ile. Tangazo likitoka wanarushiana kwenye WhatsApp usiku huo huo, na asubuhi wote wamekwishaomba. Yuko karibu na ofisi kubwa kwa kilometa, ila kwa watu yuko mbali nazo kama alivyokuwa Kasulu. Mlinzi wa getini anapokea bahasha, anaiweka juu ya nyingine, basi. Miezi inakwenda. Mjomba anaanza kuuliza maswali kwa upole, halafu upole nao unapungua. Kijana anaishia kuuza vocha au kusimamia duka la mtu, na misitu aliyoisomea anaiona kwenye picha za simu.

Aliyebaki anakutana na nani? Mtafiti au mshauri yeyote anayekuja kufanya kazi vijijini huanza kwa barua ya utambulisho, na barua hiyo inapita kwa mtendaji wa kijiji. Anapandishwa boti na nahodha wa Kibirizi. Analala kwenye gesti ya mama fulani, anazungushwa na dereva anayejua barabara zipi hazipitiki masika. Watu hawa wanajua kuna kazi inakuja wiki nyingi kabla tangazo halijaandikwa. Na mgeni anapohitaji mtu wa kukusanya takwimu, anayejua Kiha na anayejua kushika kifaa cha kupimia, ni wao anaowauliza.

Kazi zenyewe zinaongezeka. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inataka tathmini ya athari kwa mazingira kabla mradi mkubwa haujaanza, na tathmini hiyo haikamiliki bila maoni ya wananchi. Desemba 2022 ulisainiwa mkataba wa reli ya kisasa kutoka Tabora hadi Kigoma, kilometa 506. Kuna umeme wa maji wa Malagarasi, megawati 49.5. Mtaalamu elekezi anaweza kuandika ripoti yake akiwa Dar, lakini mikutano ya kijiji hawezi kuifanyia huko.

Shuka Kibirizi asubuhi, boti za dagaa zinaporudi, umwangalie binti mwenye daftari anayejitolea kukusanya takwimu za mavuno. Siku za mwanzo akimuuliza mvuvi macho ya wavu wake yana ukubwa gani, mvuvi anageuza uso. Anamdhani mtu wa ushuru, au wa kukamata zana haramu. Anamwambia "ndoo mbili" wakati ndani ya boti ziko sita. Takwimu ya siku hiyo ni ya uongo na hakuna mtambo wa kuirekebisha. Binti akiendelea kuja, akisalimia, akiwasaidia akina mama kugeuza dagaa kwenye chanja mvua inapotishia, inafika siku mvuvi yule yule anamwita mwenyewe: njoo uandike, leo tulikuwa upande wa Gombe, taa zilikuwa kumi. Katibu wa BMU, kikundi cha wanajamii cha kusimamia uvuvi ufukweni, yuko pembeni anaona. Afisa uvuvi anapita, anaona. Hakuna aliyemwambia binti kwamba yuko kwenye usaili, lakini wanaomwona wanapima uwezo wake kuliko ambavyo ukurasa wa wasifu ungewapimia.

Ziwa Tanganyika lilipofungwa kwa uvuvi kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti 2024, ili samaki wazaliane, kilichohitajika ufukweni ni mtu wa kukaa na wavuvi wenye hasira na njaa, awaeleze kwa nini, na wamsikilize. Shahada inampa kijana maelezo ya kisayansi. Kusikilizwa hakufundishwi darasani.

Msituni ni vivyo hivyo. Wafuatiliaji wa misitu wa vijiji katika ukanda wa Masito na Ugalla wanatumia simu na vishikwambi kurekodi wanachokikuta. Mmoja wao akisimama kwenye kisiki cha mninga anaangalia kwanza utomvu. Ukiwa bado mwekundu na unanata, mkataji hajafika mbali. Ukiwa umekauka na kuwa mweusi, imeshakuwa habari ya zamani. Msomi aliyekaa na mtu huyu msimu mmoja anajifunza kitu ambacho Morogoro walimpa kwa nadharia tu, na zaidi ya hapo anapata shahidi wa kazi yake.

Historia ya Kigoma yenyewe iko upande huu. Jane Goodall alifika Gombe mwaka 1960 kuchunguza sokwe, na miaka mingi baadaye alipopita juu kwa ndege ndogo aliona vilima nje ya hifadhi vimebaki vipara. Mradi wa TACARE wa taasisi yake, uliozaliwa mwaka 1994, ulianza kwa timu ya Watanzania kwenda vijijini kuuliza watu wanahitaji nini, na majibu yakawa afya, shule, maji na chakula. Miti ilifuata. Kazi ya namna hiyo haiwezi kufanywa na mtu ambaye vijiji havimjui, hata awe na vyeti vya ukuta mzima.

Jirani zetu Katavi wametuonyesha hatua inayofuata. Vijiji 8 vya Wilaya ya Tanganyika vimepata mabilioni ya shilingi kwa kuuza kaboni ya misitu yao ya Ntakata, yaani kulipwa kwa hewa ya ukaa ambayo misitu hiyo inaizuia isiingie angani. Kanuni za biashara ya kaboni zimetoka mwaka 2022. Biashara hiyo inahitaji wapima miti, watunza kumbukumbu, watu wa ramani na wa mipango ya matumizi ya ardhi, na inawahitaji pale pale msitu ulipo. Kigoma ina misitu ya aina ile ile. Vijana wakishahama wote, watakaokuja kuipima watatoka kwingine.

Sasa yanayonisumbua upande huu ninaoutetea. La kwanza ni kujitolea. Binti wa Kibirizi anakula nini wakati huo wote? Aliye na baba mwenye duka Mwanga, hapa mjini Kigoma, anaweza kujitolea mwaka mzima. Aliyetoka mbali, Kakonko, na kupanga chumba mtaa wa Gungu hawezi, hata akiwa na kipaji kuliko mwenzake. Kwa hiyo kufahamika kupitia kazi ya bure kunaweza kuwa mlango wa wenye nacho. Wapo pia wanaotumia neno kujitolea kupata mfanyakazi asiye na mshahara, wakamweka miaka, kisha nafasi ikitoka anapewa mwingine. Kwa kijana wa kike kuna na safari za boti za usiku na malazi ya vijijini. Mambo hayo mzazi ana haki ya kuyahofia, na waajiri wengi hawayafikirii.

La pili ni upendeleo. Tangazo la wazi lina heshima yake: mtoto wa mkulima asiye na ndugu ofisini anasimama mstari mmoja na mtoto wa mkurugenzi. Tukisema kufahamiana ni kuzuri, mwenye nia mbaya atafunika undugu kwa maneno hayo hayo. Tofauti ipo, nayo inaweza kukaguliwa. Anayekupendekeza aweze kusema alikuona ukifanya nini, wapi, na matokeo yake yakawa yapi. Asipoweza kusema hayo, basi anachokupendekezea ni ukoo.

Mwaka 2022 jarida la Science lilichapisha utafiti uliofuatilia watumiaji zaidi ya milioni 20 wa LinkedIn kwa miaka 5. Ulikubaliana na Granovetter, ukamrekebisha: waliofaa zaidi ni watu wa kufahamiana kiasi, kuliko wale wa kufahamiana kwa mbali sana na kuliko marafiki wa karibu. Na katika sekta zisizotegemea sana teknolojia ya kidijitali, uhusiano wenye nguvu zaidi ndio uliosaidia. Ninavyousoma mimi, kazi ya ziwa na msitu iko upande huo wa pili, na uhusiano wenye nguvu haujengwi kwa kupeana namba kwenye semina ya Dar. Kwa hiyo simkatazi kijana kwenda. Aende akiwa na usaili wa kuhudhuria, au mafunzo ya ramani za kompyuta, au cheti kinachohitajika, kisha arudi. Kinachowapoteza wengi ni kwenda kukaa bila miadi.

Yapo ambayo hayamhusu kijana kabisa. Miradi inayofanya kazi Uvinza na Kasulu ingebandika matangazo yake kwenye mbao za ofisi za kata, siyo kwenye tovuti peke yake, na usaili wa nafasi za Kigoma ungefanyika Kigoma. Anayejitolea apewe posho ya chakula na nauli, na muda wake uwekewe kikomo kwa maandishi. Akimaliza apewe barua yenye muhuri inayotaja kazi aliyofanya na tarehe zake. Nimeona vijana waliokusanya takwimu msimu baada ya msimu wakiondoka bila hata karatasi hiyo, na walipoombwa ushahidi wa uzoefu wao walikuwa na picha za simu tu.