Sahihi ya mahudhurio si sahihi ya kukubali

Jumanne iliyopita tuliitwa mkutano wa mtaa. Saa nne asubuhi, siku ya kazi, hapa Dar ambako watu wanatoka nyumbani saa kumi na moja alfajiri kuwahi daladala. Tuliofika tulikuwa wastaafu, akina mama wenye magenge ya jirani, na mimi niliyetoka zamu ya usiku. Ajenda tatu. Taka zikala dakika tano, ulinzi shirikishi kumi, ya tatu ikasomwa mbio: kile kiwanja cha wazi nyuma ya msikiti kibadilishwe matumizi, zijengwe fremu za biashara.

Daftari lilikuwa limeshapita kabla ya ajenda ya kwanza. Daftari la shule, mistari imepigwa kwa rula: namba, jina, simu, sahihi. Juu ya ukurasa hakuna neno. Bibi mmoja anayeuza vitumbua pale kona alilishika kwa muda, akafunua ukurasa wa nyuma, akauliza, "Mwanangu, mbona hamjaandika tunasaini nini?" Akajibiwa ni mahudhurio tu, bibi, usiwe na wasiwasi. Akalipitisha bila kusaini. Mimi nilikuwa nimeshasaini.

Nimekosa usingizi kwa ajili ya sahihi ile. Ukurasa ule ukiambatanishwa na muhtasari, unageuka ushahidi kwamba wananchi wameshirikishwa na wameridhia. Muhtasari unapanda kwenye kata, unafika halmashauri, unaingia kwenye kamati inayoshughulikia mipango miji. Huko juu hakuna aliyetuona. Hawajui kwamba mchoro wa fremu hizo haukubandikwa hata kwenye mlango wa ofisi ya mtaa, wala kwamba mzee mmoja alinyoosha mkono mara mbili akaambiwa muda umekwisha. Wanaona majina na namba za simu. Siku mabati ya uzio yakisimama, ukienda kulalamika unaambiwa: mbona mlikubali?

Katiba yetu, ibara ya 146, inasema madhumuni ya kuwapo serikali za mitaa ni kupeleka madaraka kwa wananchi. Tulishawahi kuishi bila serikali hizi. Zilianza kufutwa 1972; za mijini zikarudishwa 1978 baada ya kuonekana miji inaharibika, kisha zote zikapewa msingi mpya kwa sheria za 1982. Sheria ya Mipango Miji ya 2007 nayo imezipa halmashauri mamlaka ya kupanga. Madaraka hayo yote yanaanzia kwenye mkutano wa mtaa. Ukiuchezea mkutano huo, vikao vyote vya juu vinajadili karatasi isiyo na watu.

Na kiwanja chenyewe, jamani. Masika maji ya mtaa mzima yanakimbilia pale, yanatuama siku mbili tatu, ardhi inayanywa. Ukimwaga zege, maji hayo yatakwenda vyumbani kwetu. Watoto wanacheza mpira pale kwa sababu shule iliyo karibu haina uwanja. Mwaka jana tulipofiwa, turubai lilifungwa pale, majiko yakawekwa upande wa ukuta wa msikiti, na barabara ikabaki wazi kwa magari. Mtaa wa pili hawana tena kiwanja. Wao wanafunga turubai barabarani, na bodaboda zinapita katikati ya waombolezaji.

Sinza, Kijitonyama na Mikocheni zilipopimwa miaka ya 1970, waliochora walijua kwamba mtu anahitaji zaidi ya mahali pa kulala, wakatenga maeneo ya shule, zahanati na ya wazi. Zunguka leo uhesabu baa na maegesho yaliyokaa juu ya maeneo kama hayo.

Nakubali halmashauri inahitaji mapato. Nakubali pia vijana wetu wanahitaji pa kufanyia biashara, na kwamba mwenyekiti wa mtaa anafanya kazi kubwa bila mshahara. Lakini soko letu la kata lina vizimba vitupu, na hilo halikuwa kwenye ajenda. Zahanati tuliyoahidiwa nayo haikuwemo.

Ninachotaka ni kidogo. Mkutano uitishwe Jumamosi jioni. Mchoro ubandikwe wiki mbili kabla, mkubwa, mtu aone nyumba yake iko wapi. Mahudhurio yaandikwe mahudhurio, na kura ihesabiwe kwa mikono, idadi isomwe kwa sauti kabla hatujatawanyika.

Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016 inampa ofisa siku 30 kumjibu mwananchi aliyeomba kwa maandishi. Barua ya kuomba nakala ya muhtasari nimeshaiandika, na nyingine ya kueleza kwamba sahihi yangu ilikuwa ya kuhudhuria peke yake. Jana wenzangu kumi na mmoja waliosaini siku ile wamekuja nyumbani kuweka majina yao chini ya jina langu. Bibi wa vitumbua alikuja nao. Safari hii alisomewa barua yote, mstari kwa mstari, kisha akaomba kalamu.