Kuvuta viwango vya uhalifu si kupika takwimu

Ukipanga kata za Jiji la Tanga kwa makosa kwa kila watu 100,000, zinazoshika nafasi ya kwanza na ya mwisho mara nyingi ni zile ndogo. Wachambuzi hurekebisha hilo kwa kuvuta kiwango cha kila kata kuelekea wastani wa jiji, na hapo ndipo lawama za "kupika takwimu" huanza. Hoja ya wanaolaumu si ya kubeza: jedwali ghafi kila mtu anaweza kulikagua kwa simu yake, na kata ndogo iliyovamiwa kweli na wezi itaonekana tulivu kuliko ilivyo.

Lakini chukua wizi wa baiskeli. Tuseme wastani wa jiji ni matukio 100 kwa watu 100,000 kwa mwaka. Kata ya watu 4,000 inatarajiwa kupata 4. Kwa mgawanyo wa Poisson (kanuni ya takwimu ya kuhesabu matukio yanayotokea kwa bahati), kuyumba kwa kawaida ni kipeuo cha pili cha 4, yaani 2: mwaka huu 6, mwakani 2, bila mwizi hata mmoja kuhama. Kwenye jedwali kata imeshuka kutoka 150 hadi 50, na kuna mkubwa atakayepongezwa kwa hilo.

Hesabu yenyewe ni nyepesi. Iongezee kila kata watu 4,000 wa kufikirika na matukio 4, yaani yale ambayo wastani wa jiji ungewapa, kisha gawanya upya. Kata yetu yenye 6 inapata 10 kwa 8,000, sawa na 125. Kata ya watu 20,000 yenye matukio 30, ambayo nayo ilikuwa 150, inapata 34 kwa 24,000, karibu 142. Ina ushahidi mwingi, haivutwi sana. Hao 4,000 hawatoki kichwani mwa mtu. Hukadiriwa kwa kupima kata zinatofautiana kiasi gani zaidi ya bahati tupu. (Asiyetaka kuonyesha makadirio hayo, huyo mlaumuni.) Na kata ndogo ikipata 6 miaka 3 mfululizo, ukijumlisha miaka yote ni 18 kwa 12,000, na pamoja na nyongeza inakuwa 22 kwa 16,000, yaani 137.5: inaanza kuaminiwa.

Baiskeli ikiibwa soko la Mgandini, kosa huhesabiwa kwenye kata ya soko hata kama mwenyewe anaishi Makorora, na asiyechukua RB (namba ya taarifa iliyoandikishwa) polisi hahesabiwi kabisa. Kuvuta hakuponyi hayo. Jedwali ghafi nalo haliyaponyi.