Tuache Kupanua Hedi Kiholela

Kila ninapopita kwenye gereji za eneo la Unga Limited, sikosi kumkuta kijana aliyepakata silinda hedi, yaani kile kifuniko cha juu cha injini chenye valvu, akizipanua njia za hewa kwa mashine ndogo ya kusagia, huku akiamini kwamba kadiri tundu linavyokuwa pana ndivyo gari litakavyokuwa na nguvu. Niliwahi kuwa na imani hiyohiyo, na niliilipia. Maoni yangu leo ni kwamba kwa magari ya michezo tunayoendesha hapa Arusha, mji ulio kwenye mwinuko wa takribani mita 1,400, kupanua njia za hewa ni kazi ya mwisho kabisa kufanywa kwenye hedi, na mara nyingi haina sababu ya kufanywa.

Katika mwinuko huu kanieneo ya hewa ni pungufu kwa takribani asilimia 15 ukilinganisha na Tanga au Dar es Salaam, na injini isiyo na turbo hupoteza nguvu kwa kiasi kinachokaribia hicho. Mtu akisikia hivyo huona kwamba, kwa kuwa hewa ni haba, basi mlango na uwe mpana. Hoja hiyo inavutia, lakini inasahau kwamba hewa ina uzito na ina mwendo. Pistoni inapofika chini na kuanza kupanda, valvu ya kuingizia huwa bado haijafunga, na kinachoendelea kuijaza silinda kwa nukta hiyo fupi ni kasi ambayo hewa ilikwisha kuipata njiani. Ukiipanua njia kupita kiasi, kasi hiyo hushuka, sehemu ya hewa husukumwa irudi ilikotoka, na petroli, badala ya kupeperuka pamoja na hewa, hutuama kwenye kuta.

Toyota wenyewe walilipitia somo hili. Injini ya 4A-GE ya lita 1.6, iliyoingia sokoni mwaka 1983, ilikuwa na njia pana kiasi kwamba ilibidi iwekewe vipepeo vya kuziba nusu ya njia hizo injini inapozunguka polepole. Mwaka 1989 ikaja hedi yenye njia nyembamba zaidi, vipepeo vikaondolewa, uwiano wa mgandamizo (mara ngapi pistoni huibana hewa ndani ya silinda) ukapandishwa kutoka 9.4 hadi 10.3, na nguvu iliyotangazwa Japani ikatoka nguvu-farasi 120 hadi 140. Sidai kwamba ongezeko lote lilitokana na wembamba wa njia, kwa sababu mgandamizo nao ulikuwa na mchango wake. Ninachosema ni kwamba njia zilipunguzwa na nguvu haikupungua.

Toyota Corolla Levin yangu ya mwaka 1988 ina injini hii na ile hedi ya zamani, yenye njia ambazo tayari ni pana. Fundi mmoja alizipanua zaidi, akaviondoa na vile vipepeo kwa maelezo kwamba ni vizuizi, kisha akaning'arishia kuta hadi nikauona uso wangu humo. Nilifurahi sana, nikapiga na picha. Siku nilipotoka Moshi na kushuka kwenye daraja la Kikafu, kilima cha kuelekea Bomang'ombe ambacho gari lilizoea kukipanda kwa gia ya nne kikanilazimisha kurudi gia ya pili, nyuma ya lori la saruji ambalo sikuweza kulipita. Nguvu ilikuwepo, ila ilikuja baada ya mizunguko 6,000 kwa dakika, na barabarani kwetu ni nani anayeendesha kwa mizunguko hiyo kutwa nzima? Hata ule mng'ao ulikuwa na hasara, kwani upande wa kuingizia ukuta wenye ukwaruzi kidogo hulisaidia tone la petroli kuachia na kupeperuka. Kung'arisha kunafaa upande wa eksozi tu, ambako masizi hukosa pa kushika.

Niliponunua hedi nyingine ya mtumba, njia zake sikuzigusa. Fedha nilizipeleka kwenye siti za valvu, yaani pete ambazo valvu hukalia zinapofunga, zilizokatwa kwa pembe tatu, nyuzi 30, 45 na 60, ili hewa ipinde taratibu badala ya kujikwaa kwenye ukingo mkali. Siti ya kuingizia niliacha upana wa milimita moja, na ya eksozi milimita moja na nusu, kwa kuwa valvu ya eksozi hupoza joto lake kupitia siti hiyo, na anayeifanya nyembamba ili kutafuta nguvu huishia kuiunguza.

Kisha tukaiskimu hedi, yaani tukausaga uso wake wa chini, nusu milimita. Kwa hesabu yangu, uwiano wa mgandamizo ulipanda kutoka 9.4 hadi karibu 9.8. Kwa kuwa kuskimu huzisogeza valvu karibu na pistoni, kabla ya kufunga moja kwa moja nilibandika udongo wa kuchezea watoto juu ya pistoni, tukafunga hedi kwa muda na gasketi ya zamani, tukazungusha krenkishafti kwa mkono mara mbili, tukafungua. Alama za valvu zilikuwa zimezama kwenye udongo kama vidole vya mtoto. Niliukata kwa wembe na kupima pale palipokuwa pembamba zaidi: milimita 2.3, na mimi sikubali chini ya 2. Fundi anayeiona hatua hii kuwa ni kupoteza muda, simwachii injini yangu.

Ni katika mgandamizo ndipo mwinuko wetu unapotufaa. Kwa kuwa silinda hupokea hewa kidogo, shinikizo la mwisho kabla ya cheche huwa dogo pia, na injini huvumilia uwiano mkubwa bila kugonga, yaani bila mchanganyiko kulipuka wenyewe ndani ya silinda. Uvumilivu huo, hata hivyo, ni wa huku juu. Ninaposafiri kwenda Tanga husimama Korogwe, nikafungua boneti na kuirudisha distribyuta, kifaa kinachogawa cheche, nyuma kidogo ili cheche ichelewe, kutoka alama ya rangi nyeupe hadi ile nyekundu, na wakati wa kurudi nafanya kinyume chake.