Fisi Aliyekwenda Kusaga

Kitabu cha hadithi chenye kurasa 32, kile cha jalada laini kilichobanwa pini mbili mgongoni, ndani kina karatasi nane tu. Kila karatasi imekunjwa katikati ikazaa kurasa nne. Kwa hiyo ile ya katikati kabisa ina ukurasa wa 15 na wa 18 upande wa nje, 16 na 17 upande wa ndani. Laiti ningelitia hayo akilini mapema, mwenyekiti wetu wa mtaa asingekuja kuniuliza kama Fisi alikuwa na mwaliko au alikuwa na mahindi yake.

Tuko Uyole, Mbeya, pale barabara ya Tukuyu inapoachana na ya kwenda Makambako. Kila Jumamosi saa nne asubuhi, mimi na dada mmoja tunawasomea watoto wa mtaa. Saa nne, kwa sababu mwezi wa sita ukiwaita saa mbili, watoto wanakuja na mablanketi na wanalala humo humo. Wadogo wanakaa chini ya mparachichi, wakubwa barazani.

Vitabu vinakaa kwenye tranka la bati, na tranka lilikaa sakafuni masika yote. Hapo ndipo kosa la kwanza. Saruji inavuta unyevu kutoka ardhini, bati linaufungia ndani, pini zinashika kutu. Pini yenye kutu haikatiki kwa heshima. Inakula karatasi taratibu, na ya kwanza kuachia ni ile ya katikati, maana ndiyo inayogusana na ncha za pini. Tranka liwekwe juu ya matofali mawili, na siku ya jua lifunguliwe. Mimi nilikuwa nalifungua siku ya kusoma tu.

Basi Ijumaa nikakuta vitabu viwili vimelegea. Kimoja ni cha binti aliyetumwa na bibi yake kupeleka debe la mahindi mashineni. Cha pili ni cha harusi ya Fisi. Mchoraji mmoja, ukubwa mmoja, kurasa 32 vyote.

Watu wengi hapa hukimbilia selotepu. Baada ya muda inageuka njano, gundi yake inavuja, na kurasa zinashikana kama chapati zilizopangwa zikiwa moto. Wengine wanapika gundi ya unga wa ngano, wanawaalika panya na mende kwenye karamu. Kitabu cha pini kinashonwa. Unainua miguu ya pini kwa kisu butu ukianzia ndani, unaitoa. Unapanga karatasi zako, unatoboa matundu matatu kwenye mkunjo: moja katikati, mengine sentimita tatu kutoka kila ncha. Uzi uwe wa fundi viatu, mara mbili na nusu ya urefu wa kitabu, uupitishe kwenye mshumaa ili usikatike. Uzi wa katani usiuguse, unapasua karatasi. Sindano ya kawaida itakusumbua. Mimi natumia shazia, ile ile ya kushonea magunia ya viazi, ila nachagua nyembamba. Unaingia tundu la kati kutoka ndani kwenda nje, unapanda na kuingia la juu, unashuka kwa ndani ukiliruka la kati, unatokea la chini, unarudi la kati, unafunga fundo ndani. Basi. Dakika kumi.

Ila kinashonwa kitabu kimoja, kinaisha, ndipo unafungua cha pili. Mimi nilifungua vyote pamoja ili nitoe kutu kwa mkupuo. Karatasi kumi na sita mezani. Umeme ukakatika.

Nikashona kwa tochi ya simu, simu nimeibana kwenye meno. Nilipomaliza nikahakiki, msije mkasema sikuhakiki. Nikapitisha kidole gumba pembeni nikihesabu namba za chini: 13, 14, 15, 16, 17, 18, 19. Zote zimefuatana. Nikalala usingizi wa fundi.

Asubuhi mwenyekiti alikuja. Tulikuwa tumemwomba kabati, naye akasema kwanza aone hivyo vitabu vinasomwaje. Akapewa kiti chini ya mparachichi, nyuma ya watoto.

Kusomea watoto wadogo kuna namna yake. Kitabu hakikai kifuani. Kinakaa kando ya bega, umekishika kwa chini penye mgongo, picha zinawatazama wao. Wewe unasoma kwa jicho la pembeni. Ukurasa unaufunua kwa kona ya juu, ili mkono usizibe picha. Ubaya wake ni kwamba watoto wanaona kurasa zote mbili kwa pamoja, na wewe bado unahangaika na mstari wa kwanza wa ukurasa wa kushoto.

Ukurasa wa 14, kushoto: "Binti akatua debe lake, akasukuma mlango wa mashine. Ndani akamwona..." Hapo huwa nanyamaza kidogo, waikose hewa. Safari hii hawakunyamaza nami. Walikuwa wameshaanza kucheka. Nikadhani nimefanya vizuri.

Nikahamia wa 15: "...Fisi, amevaa suti nyeusi na tai, akitafuna mguu wa kiti."

Mtu mwenye akili angefunga kitabu. Lakini hadithi hii naijua kwa moyo, mdomo ukawa umeshatangulia, nikajikuta nasema, "Fisi huyu... ndiye mwenye mashine." Nikafunua. Sasa, kurasa za 16 na 17 ni karatasi moja isiyokatika, ndiyo maana wachoraji wanapenda kuweka hapo picha yao kubwa. Kwetu ilikuwa ukumbi mzima wa harusi: maturubai, keki, matarumbeta, mbuzi wawili wanalia.

"Mashine gani hii?" mtoto mmoja akauliza.

"Ya kisasa," nikasema.

Wa 18: "Fisi akapiga goti mbele ya wageni, akamshika mkono mchumba wake, akasema: Nimekupata." Na wa 19, ubavuni, sauti ya kitabu changu halali ikarudi: "Bibi akafurahi sana, akasonga ugali."

Kimya. Kisha binti mmoja wa darasa la tatu akauliza, polepole kabisa, "Kwa hiyo Fisi amemuoa bibi?"

Mwenyekiti akainua mkono kama mtoto wa shule. Ndipo likaja lile swali la mwaliko.

Sijajibu, nikamwona dada anakuja mbio kutoka barazani, kitabu cha harusi kifuani. "Kaka, njoo uone. Fisi amefunua shela la bi harusi, ndani kuna debe la mahindi. Nimewaambia ni mahari."

Wakubwa walikuwa nyuma yake. Wakakutana na wadogo kwenye chai na viazi vya kuchemsha, wakaanza kulinganisha, na kufikia kikombe cha pili walikuwa wameshaziunganisha hadithi mbili ikawa moja, yenye kesi, mashahidi, na bibi anayedai chenji yake ya kusagia. Mwenyekiti akala viazi vitatu akisikiliza. Alipoondoka akasema kabati litakuja, ila lisiwe na kufuli, maana mimi nikifungiwa na vitabu sijulikani nitakachofanya.

Jumatatu nilikata uzi, nikarudisha kila karatasi kwao, mchana kweupe, kitabu kimoja kimoja. Yule binti wa darasa la tatu akaazima kile cha mashine. Nikaandika kwenye daftari, nikamwambia akirudishe Jumamosi kikiwa kama kilivyo.

Jumamosi akakileta amekifunga kwa kamba ya kiroba. Uzi haupo. Ndani ameweka karatasi ya daftari iliyokunjwa mara moja, imechorwa kwa kalamu ya bluu: nje 15 na 18, ndani 16 na 17, hajakosea hata moja. Kwenye picha kubwa ya katikati Fisi amevaa suti, bibi amevaa kitenge, na pembeni kuna mtu mnene amekaa kitini, anakula kiazi.

"Ile nyingine nimeitunza," akasema. "Shazia unayo?"