Mwacheni Mwanafunzi Apatane Bei

Mwalimu wa zamu aliingia darasani kwangu na fimbo mkononi, akiamini kwamba kidato cha tano hakina mwalimu. Simlaumu sana, maana nusu ya wanafunzi walikuwa wamesimama, wawili au watatu wamepanda juu ya madawati, na msichana mmoja ambaye tangu aripoti shuleni hajawahi kunyoosha mkono alikuwa akipaza sauti kwamba kwa elfu tano hauzi, mwenye elfu sita na mia tano ndiye aje. Nilipomweleza mwenzangu kwamba tupo katika mada ya mahitaji na ugavi, na kwamba naifundisha kwa mchezo wa soko, alitabasamu kwa adabu akaondoka. Jioni, katika chumba cha walimu, ndipo likatamkwa neno lililonifanya niandike haya: kwamba uchumi si mchezo, na kwamba wazazi wamelipa watoto wao wasome.

Sawa, na tuseme uchumi si mchezo. Basi na tukitazame kile tunachokiita kusoma. Tunachora ubaoni mistari miwili inayokatana, wa mahitaji na wa ugavi, tunaiwekea herufi, tunaorodhesha pembeni sababu zinazoweza kuisogeza kushoto au kulia, tunakopisha notisi hadi kengele inapolia, na mwanafunzi anaenda kuzikariri mpaka siku ya mtihani wa Baraza, ambapo ataichora ile mistari kwa rula na kupata alama zake zote. Mwulize mwanafunzi huyo huyo ni nani aliyeipanga bei ile iliyopo kwenye makutano ya mistari. Atakujibu kwamba ni serikali, au ni wafanyabiashara wakubwa, na akiwa mkweli zaidi atakwambia kwamba ni mwalimu. Huo ndio usomi ambao mchezo wangu unadaiwa kuuharibu.

Mchezo wenyewe hauna siri. Nilikata karatasi za manila vipande vidogo (karata za dukani sikuthubutu kuzileta, kwa kuwa katika shule nyingi karata ni kamari na mjadala unaishia hapo), nikaandika kila kimoja namba kwa maka peni. Wanafunzi 40 walikuwa wauzaji wa mkungu wa ndizi, na kipande cha kila mmoja kilionyesha gharama yake ya kuufikisha sokoni, kuanzia shilingi 2,000 hadi 9,000, watu watano kwa kila kiwango. Wengine 40 walikuwa wanunuzi, na vipande vyao vilionyesha thamani ya mkungu huo kwao, kuanzia 3,000 hadi 10,000, nao vilevile watano watano. Faida ya muuzaji ni bei aliyouzia ukitoa gharama yake, na faida ya mnunuzi ni thamani aliyopewa ukitoa bei aliyonunulia. Asiyepata mwenzake anarudi na sifuri, na hakuna anayeruhusiwa kuonyesha kipande chake.

Katika duru ya kwanza niliwaacha wapatane wawili wawili, kwa kunong'ona, kila mtu kwenye kona yake. Bei zikatoka za kila namna. Mmoja aliuza kwa elfu tatu na mia tano akidhani amepata, huku hatua mbili kutoka pale mwenzake ameuza mkungu uleule kwa elfu tisa. Tangu duru ya pili nikabadili jambo moja tu: kila anayetaja bei aitaje kwa sauti, na kila biashara ikifungwa bei yake iandikwe ubaoni pale pale. Kufikia duru ya nne namba ubaoni zilikuwa zikizunguka elfu sita, na wale wenye gharama ya elfu nane na tisa walikuwa wamerudi kukaa kimya, wakinung'unika kwamba soko limewatupa nje. Hakuna mtu darasani aliyewahi kutajiwa elfu sita. Ndipo nikawaambia tupange vipande vyote mbele ya darasa, vya wanunuzi kutoka thamani ya juu kwenda chini, vya wauzaji kutoka gharama ya chini kwenda juu, nao wakaiona ile mistari miwili ikijichora kwa mikono yao wenyewe na kukutana kwenye elfu sita. Kuna mwanafunzi aliyeuliza kwa hasira, hasira ya kweli kabisa, kwa nini sikuwaambia mapema. Ningewaambiaje? Nimewaambia watangulizi wao kwa miaka yote niliyofundisha, na hawakunisikia.

Wanaodhani haya ni mambo ya kuwachekesha watoto wangejua yalikotoka, pengine wangeyapa heshima kidogo. Edward Chamberlin, aliyekuwa akifundisha Chuo Kikuu cha Harvard, alichapisha mwaka 1948 matokeo ya mchezo wa namna hii aliowachezesha wanafunzi wake. Aliwaacha wazunguke chumbani na kupatana faraghani, na akaona kwamba biashara zilizofungwa zilikuwa nyingi kuliko nadharia ya ile mistari miwili ilivyotabiri na bei zilielekea kuwa za chini, hivyo akahitimisha kwamba soko kamilifu la vitabuni halionekani hata darasani. Mmoja wa wanafunzi waliopitia mchezo ule, Vernon Smith, hakuridhika. Alipokwenda kufundisha Chuo Kikuu cha Purdue, mwaka 1956 aliurudia na wanafunzi wake kwa masharti tofauti: bei zitajwe hadharani, na soko lifunguliwe na kufungwa mara kadhaa ili watu wajifunze kutokana na duru zilizopita. Bei zikasogea hadi pale nadharia iliposema. Alichapisha matokeo hayo mwaka 1962, na mwaka 2002 akapewa Tuzo ya Nobel ya uchumi, pamoja na Daniel Kahneman. Tofauti kati ya duru yangu ya kwanza na ya nne ndiyo hiyo hiyo iliyowatenganisha mwalimu na mwanafunzi wake: habari za bei kuwa wazi, na watu kupata nafasi ya kujifunza kutokana nazo. Mwanafunzi aliyeliona jambo hilo kwa macho yake hahitaji kukaririshwa kwa nini mkulima aliyeko mbali na soko hupunjwa na dalali anayemfuata shambani.

Tena sijafika kwenye sehemu ninayoipenda zaidi. Ukishapata elfu sita yako, tangaza kwamba serikali imeingilia kati kumlinda mlaji, na ni marufuku kuuza mkungu kwa zaidi ya elfu nne. Wanunuzi hushangilia. Shangwe hudumu dakika moja hivi, mpaka wanapogundua kwamba wanaotaka kununua kwa bei hiyo wanaweza kufika 35, na wauzaji ambao gharama zao zinawaruhusu kuuza hawazidi 15. Hapo utayaona yote: msukumano, muuzaji anayewabakizia marafiki zake, na mwanafunzi mpole wa mstari wa mbele anayepitisha sarafu ya kweli chini ya dawati ili auziwe yeye. Mimi sikuwafundisha hayo. Wakati wa mjadala waliitaja wenyewe sukari, jinsi ilivyoadimika mwanzoni mwa mwaka 2024, serikali ikatangaza bei elekezi, na bado wakatumwa dukani wakaambiwa haipo, au ipo kwa bei nyingine ukija jioni. Sisemi kwamba bei elekezi ni upuuzi, na darasani nilihakikisha wanayataja pia maslahi ya yule mnunuzi wa elfu nne ambaye soko huria lilikuwa limeshamfukuza. Ninachosema ni kwamba siku ile walibishana kama watu wenye hoja, wakitumia ushahidi uliokuwa ubaoni, jambo ambalo notisi zangu hazijawahi kulizaa.

Walipatana kwa Kiswahili, bila shaka. Sijawahi kumwona mtu akishusha bei ya ndizi kwa Kiingereza, na wanaotaka kunishtaki kwa hilo nawakaribisha.

Kuhusu kompyuta, tuelewane. Semina moja niliyohudhuria ilitusomesha asubuhi nzima, sisi tukiwa tumekaa kimya kama mizigo, juu ya umuhimu wa kumshirikisha mwanafunzi, kisha tukaonyeshwa programu ambayo kila mtoto anapaswa kuifungua kwenye kishikwambi chake. Programu ni nzuri, inapiga hesabu za faida kwa haraka kuliko mimi. Lakini anayengoja vishikwambi 80 ndipo aanze atastaafu akingoja.

Wala michezo hii si kitu kigeni tulichotupiwa. Wakati mwanaanthropolojia Jean Ensminger alipowachezesha Waorma wa Kenya mchezo wa kuchangia mfuko wa pamoja, wenyewe waliutambua papo hapo kwamba ni harambee. Wanafunzi wangu, walipoucheza, waliuita michango ya harusi, na walimjua mara moja ni nani darasani anayeahidi na hatoi.

Nakiri, kwa shingo upande, kwamba mchezo mmoja hula vipindi viwili, kwamba kelele zinamsumbua mwalimu wa hisabati wa chumba cha pili, na kwamba mtihani hauulizi ulipata faida kiasi gani kwenye ndizi. Nakiri pia kwamba mchezo usiofuatwa na mjadala ni burudani tupu, na mwalimu anayegawa vipande kisha akakimbilia kengele bora angekopisha notisi zake. Nusu saa ya mwisho, ya kuuliza kwa nini bei ilishuka na nani aliumia, ndiyo kipindi chenyewe. Yaliyotangulia ni maandalizi.

Nimeshamwomba mwalimu wa taaluma vipindi viwili mfululizo kwa ajili ya mada ya ukiritimba, yaani soko linaposhikwa na muuzaji mmoja au wachache walioungana, naye hajakataa. Safari hii wauzaji watakuwa wanne tu, nitawapa dakika tano nje ya mlango wapange bei ya pamoja, kisha tutaona ni nani kati yao wa kwanza kuwageuka wenzake.